Mashine Haijafa, Imekauka: Sayansi ya Kufufua Tepu Rekoda za Studio

Kanda ya sumaku ina kasoro moja kubwa: haisomeki kwa macho. Kitabu cha mwaka 1968 ukikifungua leo unakisoma. Picha ya mwaka huo unaiangalia tu. Lakini kanda ya rili ya mwaka huohuo, bila mashine inayofanya kazi, ni utepe wa plastiki wa rangi ya kahawia, basi.

Na kwetu hilo si jambo dogo. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilirekodi bendi za dansi kwenye studio yake kwa miaka mingi: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na nyingine nyingi. Kwa nyimbo nyingi kanda ya redio ndiyo ilikuwa nakala ya kwanza, na si kila wimbo ulipata bahati ya kutoka kwenye santuri. Ukiongeza hotuba, tamthilia, taarab, kwaya na mahojiano ya wazee, unaona uzito wa kilichomo kwenye zile rili.

Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa waraka ulioutaja mwaka 2025 kuwa ndio mwisho: kanda ambazo hazingekuwa zimehamishiwa kwenye dijitali kufikia hapo, nyingi zingekuwa hatarini kupotea kabisa. Mwaka 2019 UNESCO nayo ikazitahadharisha taasisi duniani kote kuhusu jambo hilohilo. Ukisoma sababu zao utagundua kitu: hofu haikuwa kanda kuoza tu. Hofu ilikuwa pia mashine kufa, spea kwisha na mafundi kustaafu.

Sasa habari njema. Tepu rekoda ya studio iliyokaa stoo miaka 30 haijafa yote. Sehemu zake nyingi ni nzima kabisa. Zinazozeeka ni chache, zinajulikana, na kila moja inazeeka kwa sababu unayoweza kuielewa. Ukizielewa hutabomoa kila kitu, na wala hutaitupa. Twende moja moja.

Kinachozeeka na kisichozeeka

Fungua kifuniko cha mashine kama Revox A77, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, au Studer A80 ya mwaka 1970, zote kutoka kwa Willi Studer wa Uswisi. Ndani utakuta transfoma, mota, saketi zenye transista na rezista, hedi za kurekodia na kusomea, magurudumu na mikanda, na vile vikopo vidogo vya mviringo vinavyoitwa kapasita.

Shaba na chuma cha transfoma havina haraka ya kuzeeka. Transista za silikoni, kama hazikuunguzwa, hukaa miongo mingi. Rezista hubadilika kidogo tu. Fundi anayeanza kwa kung'oa transista zote "kwa sababu ni za zamani" anajitafutia kazi, na mara nyingi anaongeza ugonjwa ambao haukuwepo.

Vinavyozeeka ni vya aina tatu: kemikali, mpira, na sehemu zinazogusana. Ukikumbuka hayo matatu, nusu ya uchunguzi umeshaimaliza.

Simtanki iliyokauka

Tuanze na kemikali. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mashine huugeuza uende upande mmoja, lakini hata hapo unakuja kwa mapigo, mapigo 100 kila sekunde. Kapasita kubwa za elektroliti ndizo zinazolainisha mapigo hayo. Fikiria simtanki nyumbani: maji ya bomba huja na kukatika, lakini kwa kuwa simtanki imejaa, ukifungua bomba la jikoni maji hutoka bila kusitasita.

Ndani ya kapasita hiyo kuna karatasi ya alumini iliyofunikwa na utando wa oksidi, mwembamba mara mamia kuliko unywele wako, na pembeni yake kuna kimiminika kiitwacho elektroliti. Kwa miaka mingi kimiminika hicho hupenya polepole kwenye mpira wa kizibo na kuisha. Tanki linapungua ujazo, na bomba lake la kutolea linazidi kuziba. Hapo ndipo unasikia ule mvumo mzito "mmmm" wa hezi 100 nyuma ya muziki. Huo si uzee wa sauti. Ni mapigo ya umeme yanayopita bila kulainishwa.

Joto ndilo adui mkubwa. Kanuni ya mafundi na viwanda inasema hivi: kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili. Hebu tupige hesabu. Kapasita ya bei rahisi imeandikwa 85°C na kiwanda kinaahidi saa 1,000 kwenye joto hilo. Ikifanya kazi kwenye 45°C, tumeshuka nyuzi 40, yaani tumezidisha mara mbili mara nne: saa 16,000. Hizo ni siku 667 hivi za kuwaka mfululizo, hata miaka miwili haifiki. Chukua sasa ya 105°C yenye ahadi ya saa 2,000. Kwenye 45°C ileile inakupa saa 128,000, yaani zaidi ya miaka 14 ya kuwaka usiku na mchana.

Umeona? Tofauti ya bei ni ndogo, tofauti ya maisha ni mara nane. Kwa studio ya Tanga au Mombasa, ambako kiyoyozi kikizimika chumba kinachemka, hili si pambo. Ukibadilisha kapasita, nunua za 105°C kutoka kwa muuzaji unayemwamini, zenye volti sawa au zaidi ya za zamani, na usigeuze chanya na hasi. Ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Usichomeke kwanza

Hapa ndipo mashine nyingi nzuri huuawa. Mtu anaitoa stoo, anafuta vumbi, anachomeka plagi ili "aone kama inawaka". Puu! Moshi.

Sababu ni mbili. Kwanza, utando wa oksidi ndani ya kapasita hudhoofika mashine ikikaa miaka bila umeme. Ukiipa volti zote kwa mkupuo, umeme unavuja ndani yake, inapata joto na kuvimba. Pili, upande wa umeme wa ukutani mashine nyingi za zamani zina kapasita za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki ngumu. Plastiki hiyo hupata nyufa, unyevu wa hewa unaingia, na karatasi iliyolowa ikipewa volti 230 inaungua kwa moshi mzito wenye harufu kali. Ukiona nyufa, usijaribu bahati. Ziondoe kabla ya kuwasha, uweke mpya zenye alama ya X2, maana hizo zimetengenezwa maalumu kwa kuunganishwa kwenye umeme wa ukutani. Kapasita ya kawaida haifai hapo hata kama namba zake zinalingana.

Kisha tumia ujanja wa zamani wa mafundi: balbu ya mfululizo. Unachukua balbu ya waya, ile inayotoa joto, ya wati 100, na kuiunganisha ili umeme wote wa mashine upite ndani yake kwanza. Waya wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo, ukipata moto ukinzani wake hupanda mara kumi hivi. Kwa hiyo balbu inakuwa mlinzi mwenye akili. Mashine ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na umeme hauwezi kuzidi ampia 0.43 hivi. Mashine ikiwa salama, balbu inamulika kidogo kisha inafifia. Balbu ya LED haifanyi kazi hii. Na ujue kwamba mota za mashine hizi zinaweza zisizunguke vizuri zikipitia balbu. Hilo peke yake si ugonjwa.

Tuelewane hapa: balbu inailinda mashine, haikulindi wewe. Volti 230 zinaua, na kapasita kubwa huweka umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujawahi kufanya kazi upande huo, kaa na fundi anayejua, na usifanye peke yako chumbani.

Mpira

Kwenye tepu rekoda kanda huvutwa na mhimili mwembamba wa chuma unaozunguka kwa mwendo ule ule daima. Gurudumu la mpira linaibana kanda kwenye mhimili huo. Mpira ukikauka unakuwa mgumu na kung'aa, kanda inateleza, na sauti ya mwimbaji inayumba kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Mipira mingine haikauki, inayeyuka na kunata kama lami. Hiyo usiisafishe, ibadilishe, maana itaharibu kanda.

Mpira uliokauka kidogo unaweza kuoshwa kwa maji na sabuni laini, ukaachwa ukauke. Ule uliochoka kabisa huvishwa mpira mpya na kusagwa kwenye lezi hadi uwe duara kamili. Gurudumu lisilo duara kamili litaipeleka sauti kwa mawimbi, kila mzunguko mara moja.

Vumbi la mikroni tano

Sasa tufike kwenye sehemu zinazogusana, na hapa kuna hesabu moja ambayo kila mpenda muziki angefaa kuijua.

Kasi ya kawaida ya kanda za redio ni sentimita 19 kwa sekunde. Sauti ya hezi 10,000, kwa mfano mng'ao wa matoazi ya drami, inaandika mawimbi 10,000 kwenye hizo sentimita 19. Gawanya: kila wimbi lina urefu wa mikroni 19 tu. Unywele wako una unene wa mikroni 70 hivi. Sauti ya hezi 1,000, eneo la sauti ya mwimbaji, ina wimbi la mikroni 190.

Hedi inasoma sumaku ya kanda kwa kuigusa. Uchafu ukiitenganisha nayo, usomaji hupungua kwa desibeli 55 hivi kwa kila umbali unaolingana na urefu wa wimbi moja. Weka uchafu wa mikroni 5, yaani sehemu ndogo sana ya unywele. Kwa wimbi la mikroni 19 unapoteza desibeli 14, na kinachobaki ni kama moja ya tano ya volti. Kwa wimbi la mikroni 190 unapoteza desibeli 1.4 tu, na sikio halishtuki.

Ndiyo maana mashine chafu haizimi sauti. Inaifanya iwe nzito na ya mbali, kama bendi inapiga nyuma ya ukuta. Mtu anasikia anasema, "Kanda imezeeka hii," kisha anapandisha trebo kwenye kompyuta, na kelele ya "shhh" inapanda nayo. Wakati dawa ilikuwa pamba na pombe ya isopropili kwenye hedi.

Ukishasafisha, angalia mwinamo wa hedi. Ufa wake mwembamba wa kusomea lazima usimame wima kabisa kwa kanda. Kanda ya redio ya mono hurekodiwa upana wote wa milimita 6.3. Hedi ikiinama sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja, ncha ya juu na ya chini ya ufa zinapishana kwa mikroni 11. Kwa wimbi la mikroni 19, hapo karibu nusu ya volti imepotea. Na kwa kuwa mashine iliyorekodi huenda nayo iliinama kwa namna yake, mtaalamu huirekebisha hedi upya kwa kila kanda, akisikiliza mpaka sauti nyembamba zitoke wazi.

Swichi na vifundo vya sauti vinavyokwaruza navyo ni kisa hichohicho: kutu nyembamba kwenye mguso. Dawa ya kusafishia miguso ya umeme, kidogo tu, inatosha. Mafuta ya kulainishia bawaba za mlango yasiguse humo.

Mfu amsaidie mgonjwa

Taasisi yenye mashine tatu mbovu mara nyingi ina mashine moja nzima iliyogawanyika sehemu tatu. Moja ina mota nzuri, ya pili hedi ambazo hazijalika, ya tatu kadi za saketi. Mashine za studio za kizazi hicho zilitengenezwa zifunguliwe: kadi nyingi huchomoka kwa mkono, na vitabu vyake vya ufundi vina michoro kamili ya saketi.

Kwa hiyo kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu kupita, kagua. Hedi, mota, transfoma, mita za sindano, rilei, magurudumu, hata vifundo na skrubu: vyote hivyo ni spea. Kwenye mixer kuukuu transfoma za maikrofoni zina thamani kuliko shaba yake kwa kilo. Piga picha kila hatua, funga kila waya kibandiko, weka skrubu kwenye vikopo tofauti. Mashine inayotolewa spea nayo ina historia, usiipasue kwa nyundo.

Kuboresha bila kuharibu

Vijana wengi wakipata kifaa cha zamani wanataka kukipandisha daraja. Si vibaya, ila uliza kwanza: udhaifu uko wapi?

Mfano maarufu ni kubadilisha chipu za TL072 kwenye mixer na kuweka NE5532 zenye kelele ndogo. Miguu inafanana, inaingia palepale. Lakini TL072 moja hula chini ya miliampia 3, NE5532 hula kama 8. Mixer ya chaneli 24 yenye chipu nne kwa kila chaneli ina chipu 96. Umeongeza karibu nusu ampia juu ya pawasaplai iliyokwisha kuchoka. Isitoshe, chipu mpya inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa usiyoyasikia, na mkondo mdogo unaotoka kwenye miguu yake ya kuingizia ukafanya vifundo vianze kukwaruza.

Na kwenye tepu rekoda ya kuhamishia kanda, faida yenyewe iko wapi? Kelele ya kanda ni kubwa kuliko ya chipu. Hutaisikia tofauti. Maboresho yanayolipa ni yale yasiyo na sifa: kapasita za joto kubwa, mota zilizotiwa mafuta sahihi, hedi safi, soketi za kutolea sauti zisizokatakata, na kigeuzi kizuri cha dijitali. Kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, ni 48 kHz na biti 24, na taasisi nyingi huchagua 96 kHz. Kwa 96 kHz mono, saa moja ya sauti inachukua gigabaiti moja hivi. Diski ya kawaida ya leo inameza hayo bila shida.

Kabla ya kuipandisha kanda kwenye mashine uliyoihangaikia, iangalie nayo. Baadhi ya kanda, hasa za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu, gundi yake ikawa inanata na kuacha matope kwenye hedi. Wataalamu huzikausha kwa saa nyingi kwenye joto la kama 50°C, ndani ya chombo kinachodhibiti joto barabara, si oveni ya jikoni. Kanda za zamani zaidi za asetati hazikaushwi hivyo kamwe, zitaharibika. Shika rili usawa wa taa: asetati hupitisha mwanga, poliesta haipitishi.

Hesabu ya mwisho ni ya muda

Rili ya mita 360 kwa kasi ya sentimita 19 inacheza dakika 31 na nusu. Huwezi kuiharakisha kama unavyonakili faili. Rili 1,000 ni zaidi ya saa 500 za kusikiliza. Mashine moja nzima, ikicheza saa tano kwa siku, itazimaliza kwa siku 105 za kazi. Mashine mbili, nusu yake. Bila mashine, jibu ni kamwe.

Kwa hiyo ukiona tepu rekoda kubwa ya kijivu imewekewa maboksi ya karatasi juu yake, kwenye stoo ya chuo chenu, kanisani au ofisini, anza kwa kazi tatu zisizo na gharama: hakikisha hakuna anayeichomeka, iandike jina na namba ya modeli, na utafute kitabu chake cha ufundi. Halafu mtafute fundi mzee wa redio aliye karibu, kabla hajastaafu, ukae naye. Kapasita zinanunulika kila siku. Mkono unaojua kusikiliza mwinamo wa hedi haununuliki dukani.